Kinjeketile Ngwale: Mtu aliyetoka majini akiwa mkavu

ANAYETEREMKA ndani ya pango la Shimoni, yapata kilomita 80 kusini mwa Mombasa, huingia mahali pamoja penye historia mbili. Ya kwanza ni ya utumwa. Mapokeo ya wenyeji yanasimulia kwamba mateka walioletwa kutoka bara walifungiwa humo, wakingoja majahazi ya kuwavusha bahari. Ya pili ni ya mzimu, yaani mahali pa kuweka nadhiri na kuomba radhi kwa wasioonekana, kama yalivyo mapango mengi ya pwani yetu. Mtalii hushuka na tochi na kamera. Mwenye nadhiri huvua viatu kwanza. Giza ni lile lile, ila watu hao wawili hawaoni kitu kimoja.

Msomaji na aiweke akilini tofauti hiyo, kwa maana makala haya yanahusu mtu ambaye kila kizazi kimemwendea ama kwa tochi ama kwa miguu mitupu. Mtu huyo ni Kinjeketile Ngwale, ambaye wengine huliandika jina lake Kinjikitile, mganga wa Ngarambe katika nchi ya Rufiji. Aliishi kusini mwa mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, mpaka unaopita karibu na Vanga, si mbali na Shimoni.

Mpaka huo uligawa ardhi, lakini haukugawa dhiki. Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui wa Gazi, karibu na Msambweni, aliposhindwa na Waingereza katika vita vya mwaka 1895 na 1896, aliuvuka akajisalimisha kwa Wajerumani. Aliyemkimbia bwana mmoja alimkuta bwana mwingine. Miaka isiyozidi 10 baadaye, watu wa upande huo wa pili walisimama kupigana, na jina lililotajwa mbele ya yote ni la mganga huyu wa Ngarambe.

Wengi wetu hatukukutana na Kinjeketile katika vitabu vya historia. Tulikutana naye jukwaani au katika kurasa za tamthilia iliyobeba jina lake, ambayo Ebrahim Hussein aliichapisha kwa Oxford University Press mwaka 1969. Ni tanzia, na kiini chake ni nguvu isiyoonekana: Hongo, mzimu wa majini aliyempanda Kinjeketile. Ndipo linapozuka swali ambalo halijapata kuzeeka. Mtazamaji wa leo, mwenye simu mfukoni na cheti cha shule sandukuni, amtazameje Hongo?

Jibu haliwezi kupatikana bila kwanza kuyajua maisha yenyewe.

Kinjeketile hakuacha barua wala kitabu. Tunayoyajua yametoka katika kumbukumbu za wazee wa Umatumbi na Rufiji, pamoja na taarifa za watawala waliomwua. Aliishi Ngarambe katika miaka ambayo serikali ya Wajerumani ilikuwa imekaza kamba shingoni mwa raia. Kodi ilitozwa kwa rupia. Maakida na majumbe walipewa mamlaka ya viboko. Kuanzia mwaka 1902, Gavana Gustav Adolf von Götzen aliamrisha yafunguliwe mashamba ya pamba ya kijiji, ambamo kila mtu alilazimika kufanya kazi siku kadhaa za mwaka, hata kama msimu huo huo shamba lake la chakula lilikuwa likizidiwa na magugu na nguruwe mwitu. Malipo ya mwaka wa kwanza katika baadhi ya mashamba hayo yalikuwa senti 35, na wako waliokataa kuzipokea.

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea jambo la mwaka 1904. Wazee walisimulia kwamba asubuhi moja Kinjeketile alishikwa na nguvu asiyoweza kuizuia. Alilala kifudifudi, akajiburuta hadi kwenye kidimbwi cha mto, akazama. Ndugu zake walijaribu kumshika wakashindwa. Wengine walipiga mbizi kumtafuta, wasimwone. Kesho yake, saa kama ile ile, alitoka majini akiwa mzima, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kunena mambo ya unabii.

Tangu siku hiyo Ngarambe ikawa mahali pa kuhiji. Ilijengwa nyumba ya ibada iliyoitwa kijumba-nungu, nyumba ya Mungu, ambako watu waliamini kuwa wangeweza kuwasiliana na wazee wao waliokwisha kufa. Habari zilienezwa kwa minong'ono, kutoka sikio hadi sikio, mpaka makundi makubwa yakawa yanafunga safari kutoka mbali. Wageni walipewa dawa, nayo ilikuwa maji, yaliyochanganywa na nafaka. Walinyunyiziwa, walipakwa na wengine walikunywa. Waliambiwa kuwa risasi za Mjerumani zingegeuka maji na kuteleza mwilini.

Aghalabu jambo moja husahauliwa. Simulizi za wazee zinasema kwamba Kinjeketile hakuwaamuru watu waanze vita papo hapo. Aliwataka warudi makwao, wafanye mazoezi, wangoje neno lake. Kwanza alitaka umoja. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na wengineo, ambao kila mmoja alikuwa amezoea kupambana au kushindwa peke yake, sasa walikuwa na dawa moja, lugha moja ya siri na kiapo kimoja.

Lakini neno alilowataka wangoje halikuwahi kutoka kinywani mwake. Wamatumbi walichoka kusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, wakang'oa miche ya pamba katika shamba la serikali. Kitendo hicho kidogo kilikuwa tangazo la vita. Wajerumani walimkamata Kinjeketile, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga Mohoro. Nduguye alichukua nafasi yake akaendelea kugawa dawa.

Zingatia tarehe hiyo, msomaji. Vita vilikuwa vimeanza siku chache tu zilizopita. Tarehe 30 Agosti, maelfu ya wapiganaji walipoishambulia boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za mtombo, aliyeanzisha dawa alikuwa kaburini karibu mwezi mzima. Hakuwaona Wangoni wakijiunga na vita mwezi wa Septemba. Hakuona vijiji, maghala na mashamba yakichomwa na majeshi ya serikali ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Hakuona viongozi wa Wangoni wakinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Serikali ya Wajerumani ilikadiria kuwa waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wengine wanataja idadi inayofikia 250,000 hata 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa. Kinjeketile wa historia, basi, alikufa kabla maji yake hayajajaribiwa sawasawa.

Kwa miaka mingi baadaye, walioandika habari zake ni wale wale waliomnyonga, na kwao alikuwa mchawi aliyewahadaa washenzi. Mwaka 1956, Julius Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai uhuru wa Tanganyika, alivitaja vita hivyo kwa namna nyingine, kuwa ni juhudi ya watu waliokataa kutawaliwa. Katika miaka ya 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao G.C.K. Gwassa na John Iliffe, walikwenda kwa wazee waliokuwa bado hai wakaandika kumbukumbu zao. Katika hewa hiyo hiyo ya chuo, Ebrahim Hussein, kijana wa pwani ya kusini ya Tanzania, aliandika tamthilia yake.

Hussein aliwaonya wasomaji mapema kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia bali ni kiumbe cha fikira. Onyo hilo lina uzito, kwa sababu badiliko kubwa alilolifanya ni kumwacha hai. Kinjeketile wa jukwaani hapati nafuu ya kufa mapema. Anaishi mpaka ashuhudie kushindwa, na kabla ya hapo anaishi na jambo zito zaidi, yaani sauti iliyopita kinywani mwake.

Tamthilia inaanza na njaa. Wake wawili, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, wanazungumza juu ya chakula kilichoadimika na waume walioshikiliwa katika shamba la Bwana Kinoo, huku Kinjeketile amejifungia nyumbani, hasemi na mtu. Kisha Hongo anamchukua. Anapotoka majini ananena kwa jazba, watu wanashangilia, na katika maneno hayo mnapita ahadi kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati hauisikii vyema ahadi hiyo. Yeye mwenyewe, akili zinapomrudia, anaisikia. Anatambua kwamba neno lililowapa watu uhuru kwa mkono mmoja limewarudisha chini ya bwana mwingine kwa mkono wa pili. Yule aliyesema kwa kinywa chake alikuwa nani? Hongo, au woga wake mwenyewe, au mazoea ya mtu aliyetawaliwa hata ndotoni?

Hapo ndipo tanzia ilipo. Anawataka watu wasubiri, nao hawasubiri. Kitunda, mpiganaji asiyeamini mambo kwa haraka, anauona umoja ambao maji yameuleta na kuuthamini kuliko maji yenyewe. Vita vinapiganwa, watu wanakufa. Mwishowe, gerezani, wakoloni wanamtaka Kinjeketile atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa kukubali kungempunguzia mateso. Anajua kwamba akilikana neno lile, adui atakuwa na la kuwaambia watoto wa waliokufa: kwamba baba zao walikuwa wajinga waliofia maji matupu.

Sasa turudi kwa mtazamaji. Kwa kawaida hadhira ya leo huwa na njia tatu za kumwendea Hongo.

Ya kwanza ni kicheko. Mwigizaji anapojiburuta sakafuni kuelekea mto usioonekana, si ajabu vijana wakacheka. Kicheko hicho ni kinga. Kinamhakikishia anayecheka kwamba yeye si mshamba na hawezi kudanganyika. Lakini ana hasara, kwa kuwa akimcheka Kinjeketile mwanzoni, hana budi kuwacheka wanaokufa mwishoni, na hapo atagundua kwamba anacheka upande wa wenye bunduki za mtombo.

Njia ya pili ni ufafanuzi. Msomi huambiwa, na huwaambia wengine, kwamba Hongo ni ishara ya umoja, au ni silaha ya siasa iliyovikwa vazi la dini. Ufafanuzi huo una ukweli mwingi. Hata hivyo, ukimfanya Kinjeketile kuwa mwanasiasa mjanja aliyebuni mzimu ili awakusanye watu, unamfanya tapeli mwenye nia njema, na tapeli hawezi kuteseka kama anavyoteseka mtu huyu. Mateso yake yanatokana na kutojua.

Njia ya tatu ni imani, na hofu inayoandamana nayo. Hapa ndipo pwani ya Kwale inapotofautiana na kumbi nyingi za dunia. Wenzetu wa Ulaya wamehangaika sana na jambo hili katika tanzia zao. Shakespeare alipoandika habari za Macbeth na wachawi watatu, yapata mwaka 1606, mfalme wake mwenyewe, James, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu juu ya mapepo mwaka 1597, na sheria ya nchi iliwahukumu wachawi kifo. Hadhira ilitetemeka bila kuhimizwa. Leo waongozaji hulazimika kutafuta kitu kingine cha kumtisha mtazamaji asiyeamini wachawi. Mwaka 2007, huko Chichester, Uingereza, mwongozaji Rupert Goold aliwavika wachawi hao sare za wauguzi, ili hofu itoke kwa wale ambao mtu wa sasa huwakabidhi mwili wake.

Sisi tunazo tanzia hizo kwa Kiswahili. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968, na baadaye Mfalme Edipode ya Mgiriki Sophocles, ambamo neno la mungu Apollo linamfuata mtu hata anapolikimbia. Nyerere alitupatia Juliasi Kaizari, ambamo mzuka wa marehemu unamjia Bruto usiku hemani. Msomaji wa pwani hahitaji wauguzi ili aelewe. Katika nchi ya Wadigo na Wavumba, ngoma za pepo si hadithi ya kitabuni. Wako waliomwona jamaa yao akisema kwa sauti isiyo yake na kutaja haja zisizo zake, kisha akaamka asikumbuke lolote. Kaya Kinondo pale Diani, ambayo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ina masharti yake mpaka leo, na mgeni huyafuata hata kama haamini. Muumini wa Kiislamu naye, ingawa atakataa katakata kuutolea mzimu sadaka, hakanushi kuwako kwa majini.

Hadhira ya namna hiyo humpa Kinjeketile haki ambayo wengine humnyima, kwa kukubali kwamba yamkini kitu fulani kilimpata kweli. Lakini isidhaniwe kuwa imani peke yake yatosha. Pwani hii hii ya Kilifi na Kwale imeshuhudia wazee wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi zao na mashamba yao. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kulianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilizidi 400, ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa, watoto wakiwa miongoni mwao. Baada ya hayo, Mkenya hawezi kumtazama nabii jukwaani kama alivyomtazama zamani. Umati unaposhangilia ahadi ya Ngarambe, mtu anakumbuka makaburi ya msituni na moyo unamshtuka.

Mshtuko huo una manufaa, mradi umfikishe mtazamaji penye swali linalofaa. Nani aliyenena? Na aliyesikia neno likitoka kinywani mwake, alithubutu kulihoji? Kinjeketile wa Hussein alithubutu. Alijitenga na umati uliomwabudu, akalipima neno lake mwenyewe na kuliona lina kasoro, akawasihi watu wangoje. Hata yule wa historia, kwa kauli ya wazee, alisema wangoje. Kiongozi anayewapeleka wafuasi wake kaburini bila kujiuliza hana hata chembe ya uchungu huo. Mtazamaji anayecheka haoni tofauti hiyo. Hata yule anayeamini kila kitu haioni.

Kenya ina mfano wa karibu wa kupimia jambo hili. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa kiapo, na Waingereza wakamhamishia magharibi ya nchi. Hakuna anayemcheka leo kwa ajili ya kiapo chake. Tunaelewa kwamba kilikuwa kifungo cha watu waliopuuzwa na kila sheria nyingine. Kwa nini maji ya Ngarambe yasipewe heshima iyo hiyo? Huenda ni kwa sababu kiapo hakikuahidi kuzuia risasi, na ahadi isiyotimia huwa rahisi kuchekwa na wale ambao haikuwagharimu chochote.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akasimama mahali pa kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake. Ilikuwa imepita miaka 118 tangu Kinjeketile aninginizwe kambani Mohoro. Msamaha huo haukuuliza kama waliouawa waliamini maji au hawakuyaamini. Waliouawa walikuwa watu wenye njaa na watoto, waliochoka kulima pamba ya mwingine.

Hivyo, siku tamthilia hii itakapoonyeshwa tena, iwe katika ukumbi wa shule au katika uwanja wa kijiji pwani, mtazamaji hatakiwi kumwamini Hongo ili aielewe. Anachotakiwa ni kukaa kimya pale mtu anapojiburuta kuelekea majini, na kuendelea kukaa kimya mpaka atoke. Wageni wengi wa Shimoni ambao hawana nadhiri yoyote huteremka pangoni kwa adabu hiyo hiyo, kwa kuwa wanajua kwamba humo, mtu kama wao aliwahi kulia.